Zawadi Thelathini za Mahlon

Jumatano, Februari 19

Wilma, binti yetu, ametoka hapa sasa hivi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha baba yake, amejibana pua kwa vidole viwili, mashavu yamevimba, macho yamemtoka. Nikamwacha nione mwisho wake. Alipofika mahali hawezi tena akaachia pumzi kama farasi aliyemaliza kilima, akakimbilia jikoni. Nikamfuata nikamwuliza, wewe unafanya nini? Akasema, "Nabana hewa yangu, baba apate nyingi." Halafu akaomba mkate.

Ana miaka sita. Nikampa mkate.

Daftari hili ni la utomvu wa miti ya sukari, ule tunaouchemsha kuwa shira. Kila mwaka mume wangu Mahlon huandika humu: leo ndoo kadhaa, leo barafu, leo jua, leo shira imetoka nyeusi. Juzi alinipa akasema, "Mwaka huu andika wewe. Mwandiko wangu siku hizi ni kuku aliyekanyaga wino." Mimi nilimaliza darasa la nane kama sisi sote hapa, nikaingia jikoni kwa mama, basi atakayesoma anivumilie.

Hali ya hewa: barafu asubuhi, barafu mchana. Miti ya sukari haijaamka.

Alhamisi, Februari 20

Barafu. Mahlon kanywa nusu kikombe cha supu. Kaniuliza, "Hii supu, au umesuuza sufuria?" Nimefurahi. Akitania napata matumaini.

Jumamosi, Februari 22

Leo Marcy amekuja. Ni muuguzi, mtu wa nje ya kanisa letu, ana gari jekundu ambalo Ammon wangu wa miaka miwili hulipigia makofi. Alipomaliza kumpima Mahlon akaniomba tutoke barazani. Akasema saratani iliyoanzia kwenye utumbo sasa imejaa ini lote, na madaktari hawana dawa iliyobaki ila ya kutuliza maumivu. Nikauliza ni miezi mingapi. Akasema, "Malinda, hesabu kwa wiki."

Kisha akauliza kama watoto wanajua. Nikasema Ammon bado mdogo mno, Wilma anajua baba anaumwa.

"Anajua anaumwa, au anajua atakufa?"

Neno lile alilitamka kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Mimi nikashika nguzo ya baraza. Akasema, "Wilma anaona mwenyewe kwamba kuna jambo. Msipomwambia atajitungia, na atakalolitunga litakuwa baya kuliko hili." Akanifundisha: nisiseme baba atalala, wala atasafiri. Niseme atakufa. Niseme mwili wake utaacha kufanya kazi, na kwamba si kosa la mtu yeyote.

Niliporudi ndani Mahlon alikuwa amesikia yote, ukuta wetu ni mbao tu. Akasema, "Mama Wilma, mwambie huyo mtoto wakati mimi bado naongea. Sitaki aje kuniuliza nikiwa sina ulimi wa kumjibu."

Nikasema kesho.

Jumapili, Februari 23

Zamu ya ibada nyumbani ilikuwa ya akina Kurtz, sikwenda. Mchana wanawake wakapita wakaleta sanduku la jua. Hakuna mgonjwa wa kwetu asiyeletewa. Ndani mna vizawadi thelathini, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi na kuandikwa namba, mgonjwa afungue kimoja kila siku ili anapoamka awe na kitu cha kungojea. Wilma akakaa sakafuni akavipanga mstari kutoka mlangoni mpaka jikoni.

"Baba afungue vyote leo."

"Hapana. Kimoja kwa siku."

"Na vikiisha?"

Nilikuwa nakanda unga. Nikautazama ule uso wake, na kovu la kidevuni alipoangukia ngazi. Nikasema, "Vikiisha, baba atakuwa amesimama."

Sikupanga kudanganya. Nilitaka nilisikie neno lenyewe likisemwa humu ndani. Marcy ni muuguzi, si Mungu. Binamu yangu Amanda alipewa wiki sita akaishi miaka tisa.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Jina lake Fannie, anaishi nyumba ndogo iliyoungana na yetu. Alinitazama kama mtu anayeona maziwa yakifurika kwenye jiko lisilo lake, akarudi kwake. Mwanamke yule ni mkavu. Tangu Mahlon augue sijamwona akitoa chozi hata moja.

Namba moja ilikuwa kitana.

Jumatano, Februari 26

Miti imeamka! Usiku ulikuwa wa kugandisha, leo jua, utomvu unadondoka kila mahali. Perry Kurtz, jirani yetu, amekuja na wanaume sita, hakuna aliyewaita. Wamekusanya ndoo zetu kabla ya kugusa za kwao. Perry alipomfunga farasi wetu akapiga kelele kwa makusudi, karibu na dirisha, Mahlon asikie: "Huyu Bell ana miaka mingapi? Mimi nadhani ndiye aliyeivuta safina ya Nuhu!"

Mahlon akajibu kutoka kitandani, sauti ndogo, "Bado anakushinda wewe kwa sura." Wanaume wakacheka mpaka wakaegemea gari.

Amenitaka niache dirisha wazi kidogo asikie matone yakigonga ndoo. Wilma kamfunika miguu kwa koti langu.

Ijumaa, Februari 28

Ndoo mia mbili na kumi. Namba sita, sabuni. Sijamwambia Wilma.

Jumapili, Machi 2

Mahlon alishindwa kufungua karatasi ya namba nane, vidole havina nguvu. Wilma akamfungulia. Ilikuwa penseli nyekundu. Wilma alipotoka, Mahlon akauliza, "Umemwambia?" Nikasema kesho. Akafumba macho. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu angekasirika.

Jumanne, Machi 4

Nimekosana na mama mkwe.

Siku tatu hizi nashinda bandani tunakochemshia. Moto mkubwa chini, karai refu juu, mvuke mpaka humwoni aliye mbele yako. Utomvu ukitaka kufurika unatupia kijipande cha siagi, povu linashuka lenyewe. Kazi hiyo naipenda. Kuna joto, kuna harufu tamu, na ukiondoa macho dakika moja shira inaungua, kwa hiyo huna nafasi ya kuwaza. Perry ameniambia mara mbili, "Dada Malinda, sisi tupo wanne hapa. Nenda nyumbani." Nikajifanya sisikii.

Leo saa tisa Fannie akaingia katikati ya mvuke, kiatu kimejaa tope.

"Wewe binti. Unafanya nini hapa?"

"Naangalia karai, mama."

"Karai halifi. Njoo kwa mumeo."

Wanaume wote wakainamisha vichwa kwenye kuni. Nikamwambia, mama, mbona unanisema mbele za watu? Akasema, "Nimekusema pembeni wiki nzima kwa macho, hukusikia. Mtoto anahesabu vizawadi kama mfungwa anayehesabu siku. Umempa ahadi ambayo si yako kuitoa. Mwambie."

Nikamjibu vibaya. Nikasema, huyu ni mwanao na hulii, sasa unataka mtoto wa miaka sita alie kwa niaba yako? Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema, na daftari lisidanganye kama mimi.

Akageuka akatoka. Nikarudi kwenye karai. Shira ilikuwa imeshika chini, nyeusi, galoni tatu. Perry akaimwaga kwenye theluji bila kunitazama.

Alhamisi, Machi 6

Nimekwenda kuomba radhi. Nilimkuta mama mkwe anamenya viazi, akanisukumia kisu cha pili, nikakaa. Tukamenya pamoja.

Kisha akasema, "Mimi baba yangu aliangukiwa na mti nilipokuwa na miaka saba. Uliwahi kuambiwa?"

Nikasema najua alikufa kijana.

"Hakufa siku ile. Alikaa siku kumi na moja. Mimi walinipakia kwenye gari wakanipeleka kwa shangazi Indiana nisione. Wakasema baba amekwenda kutibiwa. Waliponirudisha mashati yake hayapo, kofia haipo kwenye msumari, mama kavaa nyeusi. Hakuna aliyesema kitu, nami sikuuliza, nikadhani nimefanya kosa la kumfukuza. Kila siku nikitoka shule nilisimama njia panda nikitazama magari ya farasi." Akatupa kiazi ndani ya maji. "Nilikuwa na miaka kumi na tatu nilipoliona jina lake kaburini. Nilijua kusoma siku nyingi, ila hakuna aliyenipeleka."

Nikamwuliza ulifanya nini.

"Nikarudi nyumbani nikakamua ng'ombe. Ungetaka nifanye nini?" Akanitazama. "Silii kwa sababu nililia kwa miaka sita njia panda, mwanangu. Yaliisha kule."

Hajawahi kuniita mwanangu. Nimeamua. Jumapili, watu wakiwa ibadani na nyumba imetulia, nitamwambia Wilma.

Jumamosi, Machi 8

Barafu tena, matone hakuna. Mahlon amelala karibu siku nzima. Namba kumi na nne, mishumaa.

Jumapili, Machi 9

Wamekwenda ibadani wote, mama mkwe amemchukua Ammon. Nikawa naosha vyombo napanga maneno kichwani kama mtoto anayekariri aya. Nikasikia karatasi zikichanika.

Nilipoingia chumbani kitanda hakionekani. Wilma amefungua vyote, kumi na tano mpaka thelathini. Soksi, chupa ya pichi, kalenda yenye ndege, leso, kijiko cha mbao, mbegu za maua, kila kitu kimerundikwa juu ya tumbo na miguu ya baba yake, na yeye amepiga magoti juu ya mto, amemshika mashavu.

"Zimeisha, baba. Zote. Simama sasa."

Mahlon alikuwa anajaribu kucheka, kikohozi kikamkamata, uso ukawa wa rangi ya majivu. Mimi nikamvuta Wilma mkono nikamshusha, nikampiga kofi begani. Sijawahi kumpiga tangu azaliwe. Nikapiga kelele, umemuumiza baba yako, sanduku la watu umeliharibu, nani kakutuma?

Hakulia. Alinitazama akasema, "Wewe. Wewe ulisema zikiisha atasimama."

Mahlon akapata pumzi. "Malinda. Ulimwambia hivyo?"

Nikasema ndiyo.

Nilingoja anifokee. Akasogeza soksi na chupa ya pichi kwa kiwiko, akatengeneza nafasi ndogo ukingoni. "Kaa hapa. Na wewe Wilma, kaa hapa. Mama ana jambo la kusema, nami nipo." Akanishika mkono. Mkono wake siku hizi ni mifupa na joto tu.

Maneno yote niliyokariri yalipotea. Nikasema, "Wilma, mama alikosea. Sanduku haliponyi mtu. Baba anaumwa ugonjwa ambao hauna dawa." Mahlon akanibana kidole. "Baba atakufa. Mwili wake utaacha kufanya kazi. Hatapumua, hatakula, hataumwa tena. Si leo, lakini si mbali."

Akafikiri. "Atakufa kama yule ndama?"

Ndama wetu alikufa Novemba. Nilitaka kusema hapana, baba si ndama. Mahlon akajibu kabla yangu. "Ndiyo. Kufa ni kule kule."

"Ndama alivutwa kwa mnyororo."

"Mimi sitavutwa. Akina Perry watanibeba."

"Wangapi?"

"Wanne."

"Wewe ni mzito."

"Nilikuwa. Sasa hivi hata Perry peke yake, tena akiwa na njaa."

Wilma akatabasamu kidogo, halafu akaacha. Akasema kwa sauti ambayo sijui nitaisahau lini, "Ni kwa sababu Jumatatu nilisahau kubana hewa?"

Basi ndilo alilokuwa amejitungia. Wiki tatu mtoto anatembea na mzigo huo humu ndani, nami nampa mkate.

Nikamkamata nikamweka kifuani. Nikasema hapana. Hukufanya kitu. Hewa ipo ya kutosha watu wote, kila mtu na yake. Baba yake akasema, "Pumua, mwanangu. Napenda kukusikia ukipumua." Hapo ndipo akalia, akalia kwa mwili wote, na sisi wawili tukalia naye, vizawadi vikianguka sakafuni kimoja kimoja.

Aliponyamaza akauliza maswali. Mama naye atakufa? Nikasema siku moja, lakini siumwi, nategemea nitakuwepo mpaka uwe bibi. Nani atachemsha shira? Nani atamfunga Bell? Baba atakuwa na kiatu? Mahlon akajibu kila moja, akipumzika katikati. La kiatu akasema hapana, hatakihitaji. La shira akasema, "Wewe, ukikua. Kesho naanza kukufundisha."

Mwisho akauliza kama tunaweza kula zile pichi. Tukala sisi watatu tukitumia kile kijiko kipya, Mahlon akilamba maji yake tu.

Jumanne, Machi 11

Matone mengi. Wilma akitoka shule anaingia chumbani kwa baba yake na bakuli la shira. Baba anamfundisha kwa kijiko: ukiinua ikadondoka matone matone, bado, ikishuka kama kitambaa kinachotundikwa, imeiva. Wanabishana. "Hii imeiva, baba." "Hiyo? Hiyo ni maji ya kunawa." Mama mkwe na mimi tunasikiliza jikoni, hatuangaliani.

Jana Wilma aliniuma mkono nilipomvisha. Marcy anasema ni kawaida, nisimpige, nisimwachie pia.

Alhamisi, Machi 13

Tangu asubuhi Mahlon hasemi. Anasikia nadhani. Wilma kamwambia, "Usijibu, baba, mimi najua." Siku tatu waliongea. Ningemwambia ile Februari zingekuwa ishirini. Hesabu hiyo itakaa na mimi.

Ijumaa, Machi 14

Asubuhi pumzi za Mahlon zilibadilika. Mama mkwe akatazama mara moja tu akavaa viatu vya mvua. Nikamwambia mama, Perry ana farasi tayari, ngoja. Akasema, "Simngoji farasi," akakata shambani kwa miguu mpaka shuleni. Ana miaka sabini na moja. Akarudi amemshika Wilma mkono, gauni limelowa tope mpaka kiunoni, anahema kuliko mgonjwa.

Walimkuta bado anapumua. Wilma akamshika baba yake dole gumba la mguu, akakaa hivyo.

Saa nne na robo Mahlon ametangulia.

Jumatatu, Machi 17

Siku tatu sijashika hata kikombe. Ndivyo kwetu: msiba ukiingia, mikono ya watu wengine inaingia. Wanawake wameosha nyumba mpaka dari, wanaume wamekamua, wamechimba kaburi kwa sepetu katika ardhi iliyoganda. Wamemvika nguo nyeupe. Mimi nimekaa kwenye kiti kama mzigo uliosahaulika, watu wanapita wananishika mkono, hawasemi kitu, na hiyo ni afadhali.

Aliyesema ni Saloma, shangazi yake Mahlon, kutoka Indiana. Alimkuta Wilma karibu na jeneza, akamkumbatia, "Usiogope, kipenzi. Baba amelala tu."

Wilma akajitoa. "Hajalala. Mtu akilala tumbo linapanda na kushuka. Amekufa."

Saloma akashtuka, akanigeukia. "Malinda! Nani kamfundisha mtoto maneno hayo?"

Kabla sijafungua mdomo mama mkwe akasema kutoka upande wa pili, "Baba yake. Una swali lingine, Saloma?" Saloma akaenda kutafuta kahawa.

Wilma aliuliza kama anaweza kumgusa. Nikamwinua. Aligusa mkono, akaurudisha wake haraka, kisha akagusa tena. "Baridi," akasema. Makaburini aliwahesabu wabebaji. Wanne. Udongo wa kwanza ulipopiga mbao akajificha chini ya shali yangu akanikamata paja kwa nguvu, alama ipo mpaka sasa.

Jumamosi, Machi 22

Wilma kakojoa kitandani mara ya tatu wiki hii. Hataki shule. Kamsukuma Ammon akagonga kichwa. Nimechoka mpaka mifupa. Nilifikiri nikimwambia ukweli hataumia namna hii.

Jumatano, Machi 26

Machipukizi yametokea, utomvu umekuwa mchungu. Akina Perry wameng'oa vijibomba mitini, wameosha ndoo. Msimu umekwisha. Shira mwaka huu galoni themanini na nane.

Alhamisi, Aprili 3

Mvua imekatika saa sita. Wilma amekwenda shule siku nne mfululizo, na shuka ni kavu tangu Jumapili.

Leo alasiri alikuja yule bwana wa nje ambaye kila masika hununua shira yetu. Mtu wa maneno mengi, mwenye lori bovu. Wilma alikuwa amekaa ngazini na Ammon. Bwana akanisalimu akasema, "Mahlon yuko wapi? Mwaka jana alinishinda kwa bei, nimekuja kulipiza."

Nikasema, "Hayupo."

"Basi nitamngoja. Atarudi saa ngapi?"

Nikasimama pale. Kinywa kilikuwa wazi na hakikutoa kitu.

Wilma akasema, bila kuinuka, "Harudi. Alikufa mwezi uliopita. Alikuwa na saratani. Shira iko bandani, na mimi nilisaidia kuionja."

Yule bwana akavua kofia. Maneno yake yote yakamwisha. Akachukua madebe yake, akamshika Wilma kichwani, akaondoa lori taratibu kama anaogopa kuamsha mtu.

Wilma akaniuliza, "Mama, kwa nini ulimdanganya?"

Nikasema sikumdanganya, baba kweli hayupo.

"Hayupo ni mtu aliyekwenda mjini. Angekaa pale kwenye lori mpaka kesho." Akaendelea kumfunga Ammon kamba za viatu. "Ukishindwa niite mimi."

Nimeingia ndani nimelipekua daftari. Ametangulia, nimeandika. Msiba ukiingia, nimeandika. Neno lenyewe wamelisema Marcy, na Fannie, na Wilma. Mimi juu ya Mahlon nimelisema mara moja tu, naye akiwa amenishika mkono, tena lilikuwa bado halijatokea. Mtoto amenipita. Hapana, hilo silitaki. Simtaki awe mama yangu. Ana miaka sita na kazi yake ni kucheza matopeni.

Basi naandika. Mahlon amekufa. Mahlon Detweiler, mume wangu, amekufa Machi 14, akiwa na miaka ishirini na tisa. Kesho nitalisema kwa sauti, kwa mtu wa kwanza atakayeuliza.

Na kwa kuwa Ammon hatamkumbuka, nataka kila siku niandike humu jambo moja, la kweli, nimsomee akikua. La leo ni hili. Baba yako hakuweza kupiga mluzi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kukamua alisimama hapo jikoni akajaribu, ikatoka hewa tupu, nami nikamcheka, naye akasema kesho itatoka, na siku moja, ulipokuwa na wiki mbili tu, nilikuwa nimekubeba hapa mlangoni, baba yako akakunja midomo hivi, na

Wilma ananiita uani, anasema njoo mama, acha hiyo kalamu, njoo uone haraka kabla haijatoweka. Nakwenda. Mluzi nitaumaliza kesho.